Jinsi Nilivyomchagulia Mwalimu Mhema Hedifoni

Naomba kwanza mnijibu, vijana wangu: taa kwenye hedifoni ni za nini? Juzi juzi binti wa jirani yangu hapa Ilomba, Mbeya, aliniletea zake nizitazame. Zinawaka bluu na zambarau pande zote mbili, na yeye mwenyewe akizivaa hawezi kuziona. Anasema ameanza kupenda muziki wa klasiki, ule wa fidla nyingi na kwaya kubwa za Ulaya, lakini kila akisikiliza anaona kama watu wanaimbia ndani ya pipa. Nikazivaa. Kweli, pipa tupu. Nikamwambia akae, nikamsimulia habari za Mwalimu Mhema wa Iringa, na alipokuwa anaondoka akasema, babu, hii si ungeiandika. Basi naiandika. Mgongo umeshakataa meza ya ufundi, na muda sasa ninao.

Mimi nilikuwa fundi redio. Siku hizi mnasema fundi elektroniki, sawa, lakini kibao changu kiliandikwa FUNDI REDIO mpaka siku nilipokishusha. Nilianzia Mbalizi, kando ya barabara kuu, chini ya fundi mmoja aliyeitwa Mwaisela, mtu mfupi, mkali, asiyependa kelele, ilhali alijenga kibanda mahali ambapo malori ya kwenda Tunduma yanapita mchana kutwa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza kuhusu hedifoni, hata kabla sijajua kuna muziki unaoitwa klasiki. Kuna zilizofungwa nyuma, ambazo sauti ya nje haiingii na ya ndani haitoki, na kuna zilizo wazi nyuma, zenye wavu au matundu. Za wazi ni tamu kwa kwaya na fidla, maana sauti inapata pa kupumulia, unajiona umekaa kanisani na si ndani ya kabati. Lakini kaa nazo Mbalizi kando ya lami uone: fidla mbili, matairi kumi na nane. Kwa hiyo kabla hujauliza bei wala jina la kampuni, jiulize utasikilizia wapi. Kama nyumba yako ni tulivu, chukua za wazi. Kama unakaa hosteli, au nyumba yenye watoto na jogoo, chukua za kufunga, wala usione aibu.

Mwaisela alikuwa na amri moja aliyoisema kuliko zote. Ukishachomea waya kwa risasi, usubiri upoe, kisha uuvute. Si kuugusa gusa, uuvute kweli. Alikuwa akisimama nyuma yangu huku amekunja mikono mpaka nivute, na mimi kijana nilimwona mzee msumbufu asiye na kazi. Baadaye nilizoea. Nilivuta kila waya kwa miaka karibu arobaini, isipokuwa siku moja, na siku hiyo moja ndiyo imenifanya nikae chini kuandika.

Sasa nimlete Mwalimu Mhema. Wakati huo nilikuwa nimeshajitegemea hapa Ilomba, na kaseti zilikuwa bado zinatupa ugali. Kwaya kadhaa zilikuwa zimekuja Mbeya kuimba pamoja, nao wa Iringa walikuwemo. Akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa linawaka, mkononi kibegi cha kaseti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani kwao, kwa Walutheri, alikuwa mwalimu wa kwaya. Wateja wengi huanza na shida yao. Yeye alisema, "Kamwene, fundi," kwa salamu ya kwao Iringa, akatulia mpaka nikaitikia, akauliza habari za nyumbani, kisha ndipo akaniambia anatafuta hedifoni za kuandikia noti.

Nilidhani sijamwelewa. Akanieleza bila haraka, kama anavyofundisha darasa la tatu. Kuna wageni Wajerumani waliowaachia kanda za kwaya za kwao, muziki wa karne zilizopita. Yeye anasikiliza, anaandika kila sauti kwa do re mi, anatia maneno ya Kiswahili, kisha anaifundisha kwaya. Hana piano. Hana karatasi ya mtunzi. Ana kaseti, kalamu ya risasi, kifutio na masikio. Mara ya kwanza anasikiliza bila kushika kalamu. Kisha anaandika sauti ya nne, yaani besi, kwa sababu ndiyo inayowabeba wenzake. Kisha ya kwanza, ya wanawake wa juu. Kisha ya tatu. Ya mwisho ni ya pili, ya akina mama wa chini, ambayo imejificha katikati na ndiyo inayomtoa jasho. Wimbo wa dakika nne unaweza kumlia wiki mbili nzima.

Najua mnachotaka kusema. Babu, hizo noti si zipo mtandaoni. Zipo, nilishaonyeshwa. Zimeandikwa kwa mistari mitano, na kwaya yake inasoma do re mi kama wanavyosoma kwaya nyingi huku kwetu, na hata siku alipopelekewa hizo za mistari na mtu wa kumfafanulia, alishukuru akaziweka kabatini. Alisema wimbo aliouandika kwa sikio anaweza kuufundisha amefumba macho, ule wa kunakili akiulizwa swali inabidi afungue karatasi.

Basi nikamtolea hedifoni zangu za fahari. Kubwa, nyeusi, zina besi ya kutikisa taya. Nilikuwa nimewauzia vijana wengi kwa kuwawekea dansi, sauti juu, na wote walitoka wamefurahi. Mwalimu akatoa kaseti kwenye kibegi chake. Haikuwa ya Wajerumani, ilikuwa ya kwaya yake mwenyewe, iliyorekodiwa kanisani kwao na mgeni mmoja mwenye kinasa sauti kizuri cha maikrofoni mbili. Akavaa, akasikiliza muda mfupi tu, akavua.

"Simsikii Mama Sanga," akasema.

Nikauliza Mama Sanga ndiye nani. Akaniambia ni mama wa sauti ya pili, anasimama mstari wa nyuma upande wa kushoto, na ana tabia ya kuvuta pumzi katikati ya neno, amemkanya miaka na miaka haachi. Nikamwambia, Mwalimu, hizi ni hedifoni bora kuliko zote nilizonazo. Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau kuandika tarehe.

"Kama haziwezi kunionyesha Mama Sanga ninayemjua, zitanionyeshaje Mjerumani nisiyemjua?"

Siku ile nilifanyiwa mtihani wa kazi yangu kwenye kibanda changu mwenyewe. Alijaribu jozi tano. Moja akasema imewasogeza watu wote mbele wakabanana. Nyingine akasema wanawake wa juu wanapiga mluzi. Nyingine ilikuwa nzuri mpaka kwaya ilipoimba taratibu, hapo wakapotea wote, wakarudi walipopaza sauti. Mimi nilikuwa nimesimama tu, naitikia. Mwisho akanyoosha kidole kwenye hedifoni zilizoning'inia msumarini, za kijivu, zenye sponji za kitambaa, ambazo nilizitumia mwenyewe kupima redio za watu. Nikamwambia hizo haziuzwi. Akasema naomba nizisikie tu. Akavaa, akafumba macho, akakaa nazo wimbo mzima.

"Yupo," akasema. "Na siku ile alikuwa na mafua. Nilikuwa nimesahau."

Nilizivaa baada yake. Nilikuwa nimezishika hedifoni zile kila siku na sikuwahi kujua kwamba zinaweza kumweka mtu mahali pake, mstari wa nyuma kushoto, mwenye mafua. Nilimsikia Mama Sanga akivuta pumzi yake ya makosa. Basi, nikamuuzia hedifoni zangu za kazini, na jioni ile nikapima redio za watu kwa zile nyeusi za besi, najuta.

Tangu hapo sikuuza tena kwa dansi. Hii ndiyo njia yangu, na wala si yangu, ni ya Mwalimu: nenda dukani na sauti unayoijua. Jirekodini kwaya yenu, au mjomba anayepiga gitaa, au bibi akisimulia. Simu zenu zinarekodi vizuri kuliko vinasa sauti vyetu vya zamani. Ukivaa hedifoni ukamtambua mtu wako kama alivyo, hajanenepeshwa wala hajakondeshwa, fidla nazo zitakuwa salama. Usikubali muuza duka akuongezee sauti, maana sikio hupenda kelele kwa dakika mbili za mwanzo na kila kitu huonekana kizuri. Weka sauti ya chini, utafute pale muziki unapokaribia kunyamaza. Muziki wa klasiki una tabia hiyo, unanong'ona halafu unanguruma, na hedifoni mbaya haiwezi kunong'ona. Ziwe nyepesi, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kwenda saa nzima na shingo ni yako. Sponji ya ngozi ya bandia kwa baridi ya Iringa hukakamaa ikapasuka, kitambaa ni bora. Waya uwe wa kuchomoka ili ukikatika usitupe hedifoni nzima. Na hizi zisizo na waya, sizichukii, nimeletewa moja na mwanangu naitumia nikimwagilia mchicha, ila mkitaka kukaa chini msikilize kwa makini, waya bado haujanitia aibu.

Kasoro mara moja, ndiyo.

Miaka ilikwenda. Kaseti zikaisha, zikaja sidii, zikaja memori kadi. Mwalimu alistaafu shule lakini kwaya hakuiacha, na kila sikukuu ya kanisa alinipigia simu kunisalimia, mimi na mke wangu. Kisha, mwaka wa mwisho wa kibanda changu, akaja mwenyewe kutoka Iringa na zile hedifoni za kijivu. Pini yake, ile ya kuchomeka kwenye redio, ilikuwa imekatika. Nikamuuliza kwa nini ateseke safari yote hiyo kwa pini, Iringa mafundi wapo. Akasema wapo, lakini hizi haziguswi na mtu mwingine.

Wakati nikiifungua akanieleza habari ambayo hakuisema kwenye simu. Hospitali walikuwa wamempima wakamwambia masikio yanaondoka. Taratibu, kwa uzee, dawa hakuna. Sauti nyembamba zitatangulia, nene zitabaki nyuma. Alisema hivyo kama anayesoma ratiba ya basi. Na alikuwa katikati ya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, misa ndefu ya kwaya na fidla, yenye waimbaji wanaoimba peke yao mbele ya kwaya. Nusu ilikuwa imekamilika kwenye madaftari. Nusu ilikuwa bado kwenye memori kadi.

"Nataka niimalize nikiwa bado nasikia," akasema.

Siku hiyo wateja walijaa mlangoni, na basi lake lilikuwa karibu kuondoka. Nikaweka pini mpya, nikachomea nyaya tatu: wa kushoto, wa kulia, na wa pamoja, ambao sisi mafundi tunauita ethi. Nikavaa, nikasikia kushoto, nikasikia kulia, nikampa. Sikuvuta.

Sikukuu iliyofuata hakupiga simu. Nikapiga mimi, akanijibu kwa ufupi, hajambo, watoto hawajambo. Iliyofuata hivyo hivyo. Mwezi wa tano ukafika mzigo mdogo kwa basi, umefungwa kwenye kitenge. Ndani zilikuwa hedifoni, memori kadi na barua ya mistari mitatu. Masikio yamefika mwisho, fundi. Kwaya nimemwachia mwingine. Hizi mpe mtu anayesikia.

Niliziweka juu ya meza siku tatu bila kuzigusa. Iliniuma, sitaficha, niliona kama nimeletewa nguo za marehemu. Siku ya nne nikasema ngoja nizijaribu kabla sijampa mtu, maana sitoi kitu kibovu. Nikaweka ile misa. Fidla zikaanza, ziko mbali kidogo, kama zinapigwa chumba cha pili. Kwaya ikaingia, nayo imesogea pembeni. Halafu ikafika mahali ambapo kwa hesabu yangu mtu alitakiwa kuimba peke yake, kwa sababu kila chombo kilikuwa kimeinama kumpisha. Hakuimba mtu. Nikasikia mwangwi tu wa mahali alipokuwa.

Nikashika pini nikaizungusha kidogo. Mwanamke akaruka katikati ya kichwa changu, anaimba waziwazi, yuko hapa. Nikaizungusha tena, akatoweka.

Nilikaa chini. Vijana wanaoshika ufundi, someni hapa polepole. Waya wa ethi ukiachia, kushoto na kulia vinabaki vinapambana, na chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Mwimbaji wa peke yake hurekodiwa katikati, sawa kwa sawa, kwa hiyo yeye ndiye anayekufa. Wanaobaki ni wa pembeni. Mtu asiyejua atadhani muziki umetungwa hivyo. Na mtu aliyeambiwa na daktari kwamba sauti nyembamba zitatangulia kuondoka, atadhani zimeondoka. Nilifungua pini, nikashika waya wa ethi kwa vidole viwili, nikauvuta. Ukatoka bila ubishi wowote.

Nitawaambia na jambo ambalo sikumwambia yule binti wa jirani. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuuchomea upya, kumrudishia, na kusema nimezisafisha, jaribu tena Mwalimu. Asingejua. Sifa yangu ya miaka yote ingebaki mahali pake. Nililala na wazo hilo usiku mmoja, na asubuhi nikaona nikilifanya sitaweza tena kumtazama. Nikanunua kilo kumi za mchele wa Madibira, kwa sababu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, nikafunga kwenye begi jozi tatu za hedifoni nzuri na vifaa vyangu, nikapanda basi la Iringa.

Nilimkuta uani, juani, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwita mara mbili hakugeuka, ya tatu akageuka. Tulisalimiana, akaniketisha, akataka kuinuka apike chai. Nikamwambia akae kwanza. Nikatoa pini na ule waya, nikaviweka juu ya ungo, kati ya maharage, nikamweleza yote: basi, wateja, kutovuta, mwimbaji kufutika. Nilisema kwa sauti kubwa ili asikie, kwa hiyo na majirani walisikia, na nikaona inanistahili.

Aliuchukua waya akauangalia kwa muda.

"Miezi mitano, fundi."

Nikasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini hakujaribu na hedifoni nyingine, hata za mjukuu. Akasema daktari alimwambia zitatangulia, zikatangulia, sasa angejaribu kwingine kutafuta nini. Kisha akasema ukweli, kwamba aliogopa. Aliogopa akijaribu za pili ajue kwa hakika. Akalia pale pale, kwa hasira na furaha vyote kwa pamoja, na mimi mzee mzima nikalia, na maharage yakamwagika. Akanisamehe kwa maneno, hadharani, kama inavyotakiwa. Halafu akafuta uso kwa gauni, akasema, haya, fungua begi.

Hapo nilijifunza somo ambalo nilitakiwa kulijua siku nyingi. Zile za kijivu nilizitengeneza mbele yake, nikavuta kila waya mpaka akanicheka. Akavaa. Mwimbaji alikuwepo, akashika kifua. Lakini hazikumtosha tena, masikio yalikuwa kweli yamepungua, alimsikia kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikampa jozi ya kwanza niliyokuja nayo, ile niliyoiona bora mimi. Akatikisa kichwa. Ya pili pia. Ya tatu nilikuwa nimeibeba kwa kujazia begi tu, maana kwangu mimi ilikuwa kali, kila herufi ya "s" ilinichoma. Yeye alipoivaa akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ile iliyonichoma mimi ndiyo iliyomfikia yeye. Kwa hiyo ukimchagulia mtu hedifoni, vijana wangu, weka masikio yako mfukoni. Achague mwenye kichwa chake.

Akarudi kazini wiki ile ile. Kwaya alimwachia yule aliyemrithi, yeye akabaki na madaftari. Mimi nilikuwa nimeshashusha kibao, kwa hiyo kila nilipopata nafasi nilikwenda Iringa nikafikia kwa dada yangu aliyeolewa kule, nikashinda kwa Mwalimu. Nilimtengenezea kigawanyio ili tusikilize wote wawili, kila mtu na zake, mimi nikibonyeza simu kurudisha nyuma. Nimefanya kazi na watu wengi, lakini sijaona mtu wa kumlinganisha naye. Mahali pamoja alirudia mara thelathini na kitu kwa ajili ya noti moja ya sauti ya pili ambayo hakuna mtu kanisani angeijua kama ipo au haipo. Nilimwambia hivyo. Akasema Mama Sanga angejua. Ile misa leo inaimbwa, kwa Kiswahili, na kwaya mbili nyingine zimeomba kunakili madaftari yake.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ya mwisho, asubuhi, zimebaki kurasa mbili. Mwimbaji wa kike alikuwa anaimba peke yake, anapanda taratibu kwenda juu, fidla chini yake zimetulia. Mwalimu alikuwa anaandika. Kisha kalamu ikasimama. Akaniashiria nirudishe nyuma. Nikarudisha. Kalamu ikasimama pale pale. Mara ya tatu akainua kichwa.

"Hapa ni hedifoni, fundi, au ni mimi?"

Nilichomoa pini, nikaifungua, nikavuta nyaya zote, mmoja mmoja, nikaifunga. Nikavaa za kwake mwenyewe nikasikiliza. Yule mwanamke alikuwa anaimba katikati ya kichwa changu, yuko juu kabisa, hana tatizo lolote. Sijawahi kutamani kukuta waya uliokatika kama siku ile.

"Ni wewe, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Akavua hedifoni akaziweka juu ya meza, akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akanigeuzia sikio la kulia.

"Basi niimbie wewe. Chini, kwa sauti yako ya kiume. Hiyo bado naisikia."

Nikamwambia mimi siimbi, kanisani kwetu nakaa benchi la nyuma nafungua mdomo tu. Akasema hakuniuliza kama naimba. Basi nikasikiliza mstari, nikasimamisha, nikamwinamia sikioni nikauimba kwa sauti yangu mbovu ya mzee, nimeushusha mpaka chini ambako mimi nafika na yeye anasikia. Akaandika. Nikasikiliza mwingine, nikaimba, akaandika. Kwenye ukurasa wa mwisho, ambako kwaya inaingia chini ya yule mwimbaji na sauti zake alikuwa ameshaziandika, akanishika mkono nikiwa katikati ya mstari.

"Hapo umekosea. Umeniimbia fa. Besi yuko do, sauti ya tatu yuko sol. Huyu anawakamilisha, yuko mi."

Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, kwa makini, macho nimefumba. Ilikuwa mi. Nilipofumbua macho, alikuwa ameshaiandika.